Mwanagenzi wa Nasari Si Yaya wa Bei Rahisi: Majibu kwa Madai Manane

Tangu Septemba 2025, serikali inawalipia wazazi wanaofanya kazi katika England saa 30 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia mtoto anapofikisha miezi 9 hadi anapoanza shule. Masharti ya kipato yapo, lakini familia zilizoingia ni nyingi, na nasari zimebaki zikisaka walezi. Mwanzoni mwa 2024 Wizara ya Elimu ilikuwa tayari imeanzisha kampeni ya kuwavuta watu kwenye kazi hii, na katika halmashauri 20 ikajaribu kuwapa waajiriwa wapya pauni 1,000 za kuanzia. Wenzetu hawakubaki nyuma. Katika nasari za London, Leicester au Birmingham si ajabu kumkuta Mkenya, Mtanzania au Mkongo amepiga magoti sakafuni na watoto. Wengi wameshapata ngazi ya 3, na sasa mameneja wanawaambia: ingia uanagenzi wa ngazi ya 5, uwe mlezi mwandamizi.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kwenye harusi, kwenye vikundi vya WhatsApp, saluni, kila mtu ana fatwa yake. Yafuatayo ni madai yanayorudiwa sana. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana chembe ya ukweli, na moja au mawili yana ukweli mwingi kuliko watetezi wa uanagenzi wanavyopenda kukiri.

Kwanza ngazi zenyewe. Katika fani hii, uanagenzi unaotajwa sana England ni wa aina tatu. Ngazi ya 2 ni ya mlezi anayefanya kazi chini ya uangalizi wa wengine. Ngazi ya 3 ni ya mlezi kamili, na sheria inataka kila nasari iwe naye katika kila kundi la umri. Ngazi ya 5 ni ya mlezi kiongozi, ndiye huyo mwandamizi: yumo chumbani na watoto kila siku, na wakati huohuo anawaongoza wenzake. Hiyo ya mwisho kwa kawaida huchukua kama miaka 2. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao, na sizigusi hapa.

Dai la 1: "Kulea hakusomewi. Mimi nimelea watano."

Aliyelea watano anajua mengi, na nasari yenye akili humthamini. Ila alilea wake, mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwake, na alipokosea hakuna aliyemdai maelezo. Nasari inapokea watoto wa watu, wa rika moja, kwa pamoja. Sheria inataka mlezi mmoja kwa kila watoto 3 walio chini ya miaka 2, mmoja kwa watoto 5 wa miaka 2, na mmoja kwa watoto 8 wa miaka 3 na zaidi. Katika chumba cha wachanga, angalau nusu ya walezi lazima wawe wamepata mafunzo mahususi ya umri huo. Zabibu mbichi hazipewi mtoto zikiwa nzima. Hukatwa kwa urefu, vipande vinne, kwa sababu zabibu nzima huziba koo la mtoto sawasawa. Wakati wa kula, mtoto awe anaonekana na anasikika, na chumbani awepo mtu mwenye cheti halali cha huduma ya kwanza ya watoto.

Hayo mtu anaweza kuyakariri kwa wiki moja. Ugumu uko kwingine. Tuchukue mtoto wa miaka 3 ambaye kwao wanasema Kiswahili. Wiki ya sita nasari hajatamka neno. Mlezi mmoja atasema ana haya, aachwe. Mwingine atasema amechelewa kuongea, apelekwe kwa mtaalamu. Aliyefunzwa hatoi hukumu kabla ya kuuliza. Atamkalisha mama na kumuuliza: nyumbani anasema nini? Ukimwambia "chukua viatu, mpelekee baba," anaelewa yote mawili? Anamsimulia bibi kwenye simu? Kama jibu ni ndiyo, mtoto huyu anasikiliza lugha mpya kabla ya kuithubutu, jambo la kawaida kabisa. Dawa yake ni kumwekea Kiswahili ndani ya mchezo: salamu ya asubuhi, majina ya wanyama, wimbo ambao mama anaufahamu. Mwongozo wa kisheria wa malezi ya awali, EYFS, unaitaka nasari ichukue hatua za kumpa mtoto nafasi ya kutumia lugha ya nyumbani anapocheza. Lakini kama hata nyumbani kimya ni kilekile, kungoja "atazoea" ni kumpotezea mtoto miezi asiyoweza kuirudisha.

Makosa yote mawili hutoka kwa watu wenye mapenzi mema. Kinachowatofautisha na mlezi mwenye ujuzi ni mafunzo. Utafiti mkubwa wa EPPE, ulioanza 1997 na kufuatilia watoto wapatao 3,000 katika vituo 141 vya England, ulikuta kwamba ubora wa kituo ulipanda pamoja na sifa za kitaaluma za walezi wake.

Dai la 2: "Uanagenzi ni wa vijana waliofeli shule."

Umri wa kuanza ni miaka 16. Umri wa mwisho haupo. Mama wa miaka 48 anaweza kuwa mwanagenzi, na mwenye digrii ya uhasibu pia, mradi anajifunza ujuzi mpya kwa kweli. Ngazi ya 5 hasa imetengenezwa kwa ajili ya watu ambao wameshaanza kazi. Kijana aliyetoka shule jana hana la kuongoza bado.

Na wazo la kumfundishia mwalimu wa watoto palepale walipo watoto si jipya. Dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua nasari ya hewa wazi Deptford, kusini-mashariki mwa London, mwaka 1914, na mahali hapo pakawa pia pa kuwafunza walimu. Wala halikuzaliwa Ulaya peke yake. Kenya ilipoanzisha vituo vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo, DICECE, katika miaka ya 1980, walimu walisoma kwa miaka miwili wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na katikati walirudi madarasani mwao kufundisha. Miaka hiyohiyo Mombasa, Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mpango wa chekechea za madrasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake. Wanawake wa mitaa ileile walifunzwa kazini, mkufunzi akiwafuata darasani, akitazama, akishauri, akirudi tena. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa hiyo Mswahili anayeudharau uanagenzi anadharau njia iliyojenga chekechea nyingi za pwani yake mwenyewe.

Dai la 3: "Hufundishwi kitu. Unafagia, unabadilisha nepi, wao wanapata mfanyakazi rahisi."

Hili ndilo dai linalostahili jibu refu, kwa sababu hutokea. Zipo nasari ambazo siku mlezi mmoja akiugua, mwanagenzi huitwa atoke kwenye somo lake aje kujaza nafasi. Wiki ijayo tena. Mwaka unakwisha, jalada la ushahidi wa kazi lina kurasa tatu, na chuo kinaandika barua za kukumbusha. Anayesema haya anayajua.

Lakini hebu tuangalie linalovunjwa hapo. Mwanagenzi ana haki ya saa za mafunzo zilizo nje ya majukumu yake ya kila siku, na saa hizo zimo ndani ya muda anaolipwa. Hadi Julai 2025 kiwango cha chini kilikuwa saa 6 kwa wiki kwa anayefanya kazi muda wote. Kuanzia Agosti 2025 kila uanagenzi una idadi yake ya saa iliyotangazwa, nayo haipunguzwi kwa sababu nasari ina upungufu wa watu. Ukisomeshwa jioni, unafidiwa muda huo mchana. Kabla hujaanza, mpango wa mafunzo husainiwa na watu watatu: wewe, mwajiri na chuo. Kisha watatu hao hukutana angalau mara moja kila wiki 12 kupitia maendeleo yako. Ada hulipi hata senti. Mwajiri mkubwa hulipia kutoka kwenye tozo ya uanagenzi iliyoanza 2017. Mdogo huchangia sehemu ndogo tu, na serikali hubeba iliyobaki.

Mwanagenzi anayevuliwa saa zake, basi, hajaonewa na uanagenzi. Ameonewa na mwajiri anayekiuka makubaliano aliyoyasaini. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa sababu inakuonyesha pa kwenda kulalamika: kwa mkufunzi wa chuo kwanza, ambaye ana sababu zake za kukusikiliza, maana chuo hudaiwa ushahidi wa saa hizo. Andika mwenyewe tarehe na saa kila unapoondolewa kwenye somo. Daftari lako lina nguvu kuliko manung'uniko.

Kuhusu nepi: ndiyo, utabadilisha, hata ukiwa mwandamizi. Ila tazama jinsi anayejua anavyofanya. Humwambia mtoto kabla ya kumnyanyua. Humngoja ainue mikono. Hutaja anachokifanya, mguu huu, sasa ule, na hunyamaza ili mtoto ajibu kwa sauti au kwa macho. Kwa mtoto wa miezi 10, dakika hizo ni mazungumzo ya ana kwa ana, na katika chumba chenye wenzake wanane huenda yakawa marefu kuliko yote atakayoyapata asubuhi hiyo. Mawasiliano ni mojawapo ya nguzo tatu za kwanza katika EYFS, pamoja na makuzi ya mwili na makuzi ya hisia na uhusiano. Anayeona nepi tu hapo ndiye ambaye hakufunzwa.

Dai la 4: "Mshahara wa mwanagenzi ni wa kufa njaa."

Kiwango cha chini cha mwanagenzi kuanzia Aprili 2026 ni pauni 8.00 kwa saa. Kwa mtu mwenye kodi ya nyumba London, hiyo si pesa, na asiyekubali hilo hajawahi kulipa kodi London.

Sasa soma masharti yake. Kiwango hicho kinaruhusiwa kwa aliye chini ya miaka 19, au kwa mwenye miaka 19 na zaidi katika mwaka wa kwanza wa uanagenzi wake. Mwaka wa pili ukianza, mwenye miaka 21 na kuendelea analipwa kima cha chini cha kawaida, yaani pauni 12.71. Na hicho ni kiwango cha chini kisheria; mwajiri hajakatazwa kuzidisha. Aliye kazini tayari na kuanza ngazi ya 5 ana mkataba wake, na mkataba haubadiliki kwa sababu tu umeanza kusoma. Meneja akikuletea karatasi mpya yenye mshahara mdogo, usiisaini siku hiyo. Ipeleke nyumbani, isome, iulizie.

Malalamiko ya haki ni mengine: kwamba hata baada ya kuhitimu, kazi ya malezi ya awali England hulipa karibu na kima cha chini, na mwandamizi mara nyingi hupata nyongeza ndogo ukilinganisha na mzigo anaoongezewa. Hilo ni kweli. Ila ni la sekta nzima, na aliyesomea chuoni atakutana nalo mlango uleule. Tofauti yao ni kwamba mmoja anafika hapo akiwa na deni la ada na mwingine hana.

Dai la 5: "Uandamizi huja wenyewe. Kaa miaka kumi, utapandishwa."

Wapo waliopandishwa hivyo, na wengi wao ndio wa kwanza kuuliza kozi iko wapi. Wahenga walisema ukubwa ni jalala: kila kinachotupwa kinaishia kwako. Mzazi aliyekasirika kwa sababu mtoto ameng'atwa, mlezi mwenzako aliyechelewa mara ya nne, mkaguzi wa Ofsted aliyesimama mlangoni na kitambulisho, wote ni wako. Miaka kumi ya kuwa mzuri na watoto haikufundishi kumkosoa mtu mzima bila kumvunja.

Fikiria beseni la maji chumbani. Mtoto anamimina maji kutoka jagi dogo kwenye faneli, anatazama yanavyozunguka na kushuka, anamimina tena. Mlezi wa miaka 19, mpya, anamwinamia: "Rangi gani hii? Vikombe vingapi?" Mtoto anaacha jagi na kuondoka. Mlezi mzoefu asiye na mafunzo ya uongozi atafanya mojawapo ya mawili: atamsogeza yule mpya na kufanya mwenyewe, au atamsema mbele ya watu.

Mwandamizi aliyefunzwa hafanyi lolote dakika ile. Mchana, wakikunja vitanda, anamuuliza mwenzake: "Uliona alikuwa anajaribu nini?" Hakumuuliza ili kumtega. Wanazungumza. Kesho yake wanaongeza chupa yenye shingo nyembamba karibu na beseni. Mlezi mpya anakaa, ananyamaza, anangoja. Maji yanajaa, yanafurika. Mtoto anasema, "Imekataa." Mlezi anasema, "Imekataa kweli. Kwa nini?" Kuanzia hapo wanafikiri pamoja, mtu mzima na mtoto, juu ya jambo moja, kwa dakika kadhaa mfululizo. Watafiti wa EPPE waliona mazungumzo ya namna hiyo zaidi katika vituo vilivyofanya vizuri. Na aliyeyaleta chumbani siku hiyo ni mwandamizi ambaye hakugusa maji hata kidogo.

Ngazi ya 5 inafundisha hilo, na mengine ya uzito huo: kuandaa mpango kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu na kuufuatilia pamoja na wazazi na wataalamu, kutambua kwamba alama ya jeraha kwa mtoto asiyeanza hata kutambaa si jambo la kuandikwa "aliumia akicheza", kujua nani anaarifiwa, leo, kabla ya kwenda nyumbani, kusoma takwimu za maendeleo ya kundi zima na kuuliza kwa nini wavulana wote wako nje na hakuna anayekaribia vitabu. Mwishoni hupewi cheti kwa sababu meneja anakupenda. Hutathminiwa na mtu wa nje asiyekufundisha, na lazima uitetee kazi yako mbele yake.

Dai la 6: "Cheti chenyewe si kitu mbele ya digrii."

Ngazi ya 5 England iko sawa na diploma ya juu au digrii ya msingi ya miaka miwili. Digrii kamili ni ngazi ya 6. Kwa hiyo aliyeahidiwa kwamba atatoka akiwa "mwalimu" amedanganywa. Hadhi ya ualimu wa shule, na hadhi ya ualimu wa malezi ya awali, zote zinadai digrii. Hata uwiano wa watoto unatofautisha: kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea, kundi linaloongozwa na mwenye hadhi hizo linaweza kufika watoto 13 kwa mtu mzima mmoja, wa ngazi ya 5 anabaki kwenye 8.

Kama lengo lako ni kusimama mbele ya darasa la msingi, basi chukua njia ya digrii, na mapema. Kama lengo lako ni kuongoza chumba, kuwa naibu meneja, kuratibu watoto wenye mahitaji maalumu au kuendesha nasari yako siku moja, ngazi ya 5 imekatwa kwa kipimo hicho. Zaidi ya hayo, haifungi mlango. Vyuo vikuu vina utaratibu wa kumalizia digrii kwa mwenye ngazi ya 5, kila kimoja kwa masharti yake, na utaingia huko ukiwa na miaka ya mifano halisi ya kuandikia insha.

Neno kwa wenye vyeti vya nyumbani: cheti cha chekechea cha Kenya au Tanzania hakihesabiwi moja kwa moja katika uwiano wa walezi. Kipeleke kwanza Wizara ya Elimu ya England kikaguliwe. Wako waliorudia ngazi nzima bila sababu. Na hata kisipokubaliwa chote, unachokijua tayari kinatakiwa kuzingatiwa na chuo kinapopanga mafunzo yako.

Dai la 7: "Kwa Kiingereza changu, na hesabu zilizonishinda, sitafika."

Hapa kanuni zimebadilika, na wengi bado wanatishana kwa kanuni za zamani. Tangu Februari 2025, anayeanza uanagenzi akiwa na miaka 19 au zaidi halazimiki kufaulu Kiingereza na hesabu za ngazi ya 2 ili amalize. Mwajiri ndiye anayeamua kama anayataka. Tangu Januari 2024 hesabu pia ziliondolewa kwenye masharti ya kumhesabu mlezi wa ngazi ya 3 katika uwiano. Kiingereza cha ngazi ya 2, kwa GCSE au mtihani unaolingana nayo, bado kinadaiwa hapo kwa wenye vyeti vya kisasa. Na meneja mpya anadaiwa hesabu: akiwa hana, ana miaka 2 ya kuzipata. Kwa hiyo anayeota kuendesha nasari asizikimbie. Azisome sasa, wakati kuna mtu wa kumlipia.

Kuhusu lafudhi, EYFS inataka mlezi aelewe na atumie Kiingereza cha kutosha kumlinda mtoto: kuandika kumbukumbu, kusoma maelekezo ya dawa, kupiga simu ya dharura. Haisemi lolote juu ya lafudhi. Mlezi anayesema lugha ya nyumbani ya mtoto ni faida ambayo meneja mwingine angelipia kuipata. Usiende kwenye usaili ukiomba radhi kwa ajili yake.

Dai la 8: "Ni njia nzuri ya kupata viza ya Uingereza."

Hapana. Hakuna viza ya uanagenzi. Ili serikali igharamie mafunzo yako lazima uwe na haki ya kufanya kazi nchini, na kwa kawaida uwe umeishi huko kihalali miaka 3. Waliopewa hadhi ya ukimbizi hawadaiwi hiyo miaka. Anayekuuzia "nafasi ya uanagenzi wa nasari" Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa anauza hewa. Kumbuka mwanagenzi halipi ada: ukiombwa pesa, mazungumzo yameishia hapo.

Linalobaki

Mengi ya madai haya yana kasoro moja inayoyaunganisha. Yanaupiga uanagenzi kwa sababu hufanyika kazini, wakati kazini ndiko kunakoufanya ufae: kulea hujifunzwa mbele ya mtoto, na kuongoza hujifunzwa mbele ya wenzako. Hatari yake ya kweli ni mwajiri anayechukua kazi yako na kukunyima somo lako, na hiyo hutaiona kwenye tangazo. Utaiona ukiuliza.

Uliza kabla ya kusaini. Saa zangu za mafunzo ni siku gani ya wiki, na siku hiyo nani anashika nafasi yangu chumbani? Nani ndani ya nasari atakuwa mshauri wangu, na yeye mwenyewe ana ngazi gani? Wanagenzi wawili wa mwisho mliokuwa nao walimaliza? Nikimaliza, cheo na mshahara vinabadilika vipi, na mtaniandikia? Katika miaka hii miwili nitaongoza nini kwa mkono wangu mwenyewe: chumba, mpango wa mtoto, mlezi mpya?

Meneja anayemaanisha atakujibu kwa siku, kwa saa na kwa jina la mtu. Huyo saini naye. Akikuambia "tutaona tukifika," mshukuru, uchukue mkoba wako, upige simu nasari inayofuata. Wanaohitaji walezi siku hizi ni wao.